Gurudumu, Mti au Mhimili: malimwengu ya Dungeons & Dragons yanaunganaje hasa?

Dadu_ya_Ishirini aliuliza:

Wanajukwaa wenzangu, salaam.

Nimekuwa nikiendesha mchezo wa Dungeons & Dragons, ule wa mezani wa kuigiza visa vya kubuni kwa maneno na dadu, kwa marafiki watano kwa mwaka mmoja na nusu sasa, na kwa kuwa mezani kwetu tunazungumza Kiswahili tangu dadu ya kwanza hadi ya mwisho, imenilazimu kutafuta neno la Kiswahili kwa kila kitu kilichomo vitabuni. Mengi yalikuja yenyewe. Lakini kwa zile dunia nyingine ambako wahusika husafiri, yaani makao ya miungu, makao ya mashetani, mahali pa moto mtupu na mahali pa maji matupu, nilichagua neno "tabaka", na sasa neno hilo limenitia matatani.

Jumamosi iliyopita wahusika walikuwa wamezuiwa nje ya ngome. Mchawi wao akaingia katika Etha, ule ulimwengu wa ukungu unaopakana na wetu, akapenya ukuta kama moshi, na alipofika upande wa pili akaniambia kwamba hana haja tena ya kurudi kwa wenzake. Alitaka aendelee kutembea humo humo ndani ya Etha mpaka afike Baator, yaani zile Jehanamu Tisa, akamtafute shetani aliyemlaghai dada yake akatia sahihi mkataba. Nilimkatalia, lakini nilikataa kwa kuhisi tu, si kwa kujua. Hapo mchezaji mwingine akauliza kwa nini wasichimbe kwenda chini, maana kama Jehanamu ni tabaka, bila shaka iko chini ya tabaka tunayoikalia sisi. Nilinyamaza, tukaahirisha mchezo.

Nyumbani nina vitabu vya matoleo matatu, na kila kimoja kina picha yake. Kimoja kinachora gurudumu, cha pili kinaweka bahari ya nyota juu na machafuko chini huku dunia ikiwa katikati kama kwenye mhimili, na cha tatu, kile cha Forgotten Realms, dunia mojawapo ya mchezo huu, cha mwaka 2001, kinachora mti mkubwa ambao makao ya miungu yameshikamana na matawi na mizizi yake. Naomba mnisaidie: malimwengu haya yako wapi yakilinganishwa na sisi, Etha inafika wapi na Astrali, ule utupu wa rangi ya fedha, inafika wapi, na kati ya picha hizo tatu niamini ipi?

Msafiri_wa_Etha alijibu:

Mkuu, ulimkatalia mchawi wako kwa haki, na kuhisi kwako kulikuwa na msingi kuliko ulivyodhani.

Nianze na neno, kwa sababu ndilo lililowapoteza wachezaji wako. "Tabaka" kwa Kiswahili ni kitu kilicholala juu ya kingine: tabaka za mwamba, tabaka za udongo, mbingu saba tabaka kwa tabaka. Ukishamwambia mtu kwamba Jehanamu ni tabaka, umekwisha kumruhusu achimbe. Mimi husema "ulimwengu", na kwa wingi "malimwengu", na lile neno "tabaka" nimeliwekea kazi nyingine inayolifaa zaidi, yaani zile sehemu za ndani ya ulimwengu mmoja ambazo kweli zimepangwa juu na chini. Mlima Celestia una tabaka 7, na katika orodha iliyochapishwa mwaka 1978 uliitwa waziwazi Mbingu Saba. Baator ina tabaka 9. Abyss ina tabaka zisizohesabika. Ukiwa katika tabaka ya tano ya Baator unaweza kushuka hadi ya sita, lakini kutoka kijiji cha wahusika wako hadi tabaka ya kwanza hakuna kushuka wala kupanda, kwa sababu hakuna ardhi inayoendelea kutoka hapa hadi kule.

Tuje kwenye Gurudumu Kuu. Picha ile haikuchorwa ili ionyeshe umbali. Mtu anayetoka Mbagala kwenda Tegeta hahitaji kujua ni kilomita ngapi. Anahitaji kujua apande gari lipi na ashuke kituo gani ili aunganishe jingine. Gurudumu lisomwe vivyo hivyo. Katikati pana Ulimwengu wa Maada, yaani huu wa wahusika wako, wenye vijiji, ngome na mvua. Kutoka hapo zimetoka njia mbili. Ya kwanza ni Etha, nayo huelekea Malimwengu ya Ndani, ambayo ni hewa, moto, udongo na maji katika hali yake safi, pamoja na nguvu za uhai na za mauti. Ya pili ni Astrali, nayo huelekea Malimwengu ya Nje, ambako hukaa miungu, mashetani na roho za waliokufa. Njia hizi mbili zote zinagusa chumba chetu, lakini hazigusani huko mbele. Mchawi wako alipita mlango wa uani huku akitaka kutokea barabarani.

Sababu ya mgawanyiko huo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Malimwengu ya Ndani hujibu swali la dunia imeumbwa kwa vitu gani: huko ndiko vinakotoka vitu. Malimwengu ya Nje hujibu swali la viumbe wanaamini nini na wanaishije, na kwa hiyo huko mahali hujengwa kwa mwenendo, si kwa mawe. Ndiyo maana yako 16 pembeni na 1 katikati. Mchezo unatambua mielekeo 9 ya kimaadili inayopatikana kwa kuunganisha wema na uovu kwa upande mmoja, utaratibu na vurugu kwa upande wa pili. Ukiutoa ule wa kati usioegemea popote, unabakiwa na 8, na kila mmoja una ulimwengu wake: Celestia ni wema wenye utaratibu, Mechanus ni utaratibu mtupu, Baator ni uovu wenye utaratibu, Abyss ni uovu wa vurugu, Limbo ni vurugu tupu, na kadhalika. Kisha katikati ya kila majirani wawili umewekwa ulimwengu mmoja wa mpito, kama Acheron iliyo kati ya Mechanus na Baator, mahali ambapo majeshi hupigana bila kukoma juu ya michemraba ya chuma inayoelea. Nane na nane ni 16. Uwanda wa Outlands ulio katikati ya duara la hayo Malimwengu ya Nje ndio wa 17.

Kama bado mtu anashikilia kwamba umbali una maana huko, msomee kisa cha Arcadia. Ulimwengu huo ulikuwa na tabaka tatu, lakini katika tabaka ya tatu, Menausus, lilikuwepo kundi lililoweka kambi za kuwanyoosha watu kwa nguvu mpaka utii ukaushinda wema, na siku moja tabaka nzima ikateleza ikatoka Arcadia ikawa sehemu ya Mechanus. Hakuna aliyeisukuma. Iliacha kufanana na ilipokuwa, ikahamia ilikofanana napo.

Kitabu_Mkononi alijibu:

Nakubaliana na Msafiri katika lililo kubwa, ila naomba niongeze kanuni zenyewe, kwa sababu mchezaji aliyekataliwa ana haki ya kuonyeshwa maandishi.

Katika toleo la tano, uchawi wa kuingia Etha ni wa ngazi ya 7, unadumu hadi saa 8, na unamweka mchawi kwenye ukingo wa Etha tu, ule unaolala juu ya ulimwengu alikotoka. Akiwa hapo anaona alikotoka, lakini kila kitu kina rangi ya kijivu, na hawezi kuona zaidi ya futi 60. Muda ukiisha anarudi pale pale aliposimama, na kama pana kitu kigumu anasukumwa hadi nafasi tupu ya karibu na kuumia kadiri ya futi alizosukumwa, mara mbili. Kisha yapo maneno ambayo wasomaji wengi huyaruka: uchawi huo haufanyi kazi ukitumika katika ulimwengu usiopakana na Etha, na mfano unaotolewa ni Malimwengu ya Nje. Sentensi hiyo moja ina ramani nzima ndani yake. Baator haina ukingo wa Etha. Kwa hiyo hata angetembea miaka mia, hakuna mahali ambapo Etha ingemtoa Baator.

Kuna pia Etha ya kina, iliyo mbele ya ukingo, nayo ni ukungu mtupu wenye mapazia ya rangi yanayoelea. Pazia la rangi ya chungwa hufungukia Moto, la kijani hufungukia Maji. Safari humo huchukua saa unazopata kwa kurusha dadu ya pande 10 na kuzidisha mara 10, na kitabu kinasema wazi kwamba ni hivyo hivyo popote utokako na popote uendako. Astrali nayo ni hivyo: mtu husogea kwa kuwaza, na katika mapigano kasi yake kwa futi ni alama zake za akili mara tatu, kiasi kwamba mzee dhaifu mwenye akili kali humwacha askari nyuma. Hizi si sheria za mahali penye kilomita.

Nitoe tahadhari moja kwa mwenye swali, kwa kuwa amesema ana vitabu vya matoleo tofauti. Katika toleo la kwanza na la pili, mpangilio ni huu alioueleza Msafiri. Katika toleo la tatu, kitabu cha malimwengu cha mwaka 2001 kiliikata Etha isifike tena Malimwengu ya Ndani, ikabaki imeufunika Ulimwengu wa Maada peke yake, na Astrali ikapewa kazi ya kuunganisha kila kitu. Toleo la tano lilirudisha mpangilio wa zamani. Kwa hiyo wachezaji wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu Etha na Moto, na wote wawili wakawa wanasoma vizuri. Lakini Etha kufika Jehanamu? Hakuna kati ya mipangilio hiyo miwili iliyoruhusu.

Na kama mwenye ngome ni mchawi pia, mwambie ajenge ukuta wa nguvu badala ya ukuta wa mawe. Ukuta huo unaendelea hadi ndani ya Etha na kuizuia njia.

Mchora_Ramani alijibu:

Ndugu zangu, naheshimu yote yaliyosemwa, lakini nina pingamizi mbili, moja ndogo na moja kubwa.

Ile ndogo inahusu neno. Msafiri amelilaumu neno "tabaka" kana kwamba halikuwahi kufaa. Mwanzoni lilifaa kabisa. Katika kanuni za kwanza za mwaka 1974, za Gary Gygax na Dave Arneson, hapakuwa na gurudumu wala Astrali ya kusafiria. Palikuwa na uchawi wa kuwasiliana na malimwengu ya juu, na malimwengu hayo yalipewa namba tu, kuanzia la 3 hadi la 12. Kadiri mchawi alivyouliza swali lake juu zaidi, ndivyo jibu lilivyokuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa kweli, na ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa hatarini zaidi kupata wazimu. Hizo zilikuwa tabaka kwa maana ile ile ya mbingu tabaka kwa tabaka. Gygax alianza kuzipanga upya katika makala ya Julai 1977, toleo la 8 la jarida la The Dragon, orodha kamili ikafuata katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, na mwaka 1987 Jeff Grubb akaandika kitabu kizima juu yake. Ngazi ya zamani ilikunjwa polepole ikawa duara.

Pingamizi kubwa ni hili. Mnasema picha si muhimu, muhimu ni milango. Mimi naamini picha ni muhimu sana, kwa sababu anayechora duara hulazimika kulijaza, na anayejaza duara huumba mahali ambapo hakuna aliyepahitaji. Tazameni Malimwengu ya Ndani ya mwaka 1987. Walikuwa na hewa, moto, udongo na maji, na nishati mbili, chanya na hasi. Wakajaza mipaka: moto na udongo vikazaa magma, maji na hewa vikazaa barafu, na nyingine mbili za namna hiyo. Kisha kila kimoja cha vile vinne kikapandishwa na nishati chanya na kupandishwa na nishati hasi, yakapatikana mengine 8. Jumla 18. Mojawapo ni Ulimwengu wa Chumvi. Mantiki yake ni nzuri: maji yakikutana na nguvu inayonyonya uhai, kinachobaki ni chumvi, kama mnavyoona katika mashamba ya chumvi ya pwani jua likishayakausha maji ya bahari. Ninaipenda fikra hiyo. Lakini ni nani kati yenu amewahi kuwapeleka wachezaji wake Ulimwengu wa Chumvi, na wakafanya nini huko zaidi ya kufa kwa kiu?

Toleo la nne la mwaka 2008 lilivunja gurudumu kwa sababu kama hiyo, na ndiyo picha ya bahari na machafuko uliyoikuta, Dadu_ya_Ishirini. Juu iliwekwa Bahari ya Astrali, na makao ya miungu yakawa kama visiwa ndani yake. Chini yakawekwa machafuko ambamo moto, barafu, miamba na radi vimechanganyika, kiasi kwamba mtu anaweza kusimama juu ya kisiwa cha udongo kinachopita kando ya mto wa moto, na akaishi mpaka mwisho wa kisa. Abyss ikahamishiwa chini ya machafuko hayo, kama jeraha. Kando ya dunia yetu vikawekwa vivuli vyake viwili, Feywild yenye uhai uliopitiliza na Shadowfell yenye huzuni ya kaburi. Wengi walichukizwa. Mimi nilifurahi, kwa sababu kila mahali palikuwa na sababu ya kuendewa, na toleo la tano liliporudisha gurudumu mwaka 2014, halikuthubutu kuiacha Feywild wala Shadowfell.

Lakini picha ninayoitumia mezani kwangu si hata mojawapo ya tatu zako. Ni ile ya Eberron, dunia nyingine ya mchezo huu, ya mwaka 2004, iliyobuniwa na Keith Baker. Huko malimwengu 13 huizunguka dunia kama sayari. Ulimwengu wa moto unaoitwa Fernia ukikaribia, joto hupanda na moto hupata nguvu. Ukienda mbali, mambo hugeuka. Ulimwengu wa ndoto, Dal Quor, ulirushwa nje ya njia yake katika vita vya kale vya majitu, na tangu hapo hakuna anayeweza kwenda huko kwa mwili. Watu hufika kwa kulala tu. Mchezaji akiniuliza Jehanamu iko wapi, namjibu kwa kalenda. Namwambia iko mbali leo, na itakuwa karibu baada ya mavuno. Wachezaji wangu wameanza kuandika tarehe, na mmoja wao amechora duara za mizunguko hiyo kwenye daftari la hesabu.

Shimo_la_Kukunja alijibu:

Nachangia kisa kimoja kilichonifundisha Astrali kuliko kitabu chochote.

Mhusika wangu alikuwa na ule mfuko wa maajabu ambao ndani ni mkubwa kuliko nje. Mwenzangu alikuwa na shimo la kukunja, kile kitambaa cheusi laini kinachokunjwa kikawa kama kitambaa cha mkononi, na ukikitandaza sakafuni kinakuwa shimo la upana wa futi 6 na kina cha futi 10. Tulikuwa tunakimbia, mizigo ilikuwa mingi, nikautupa mfuko wangu ndani ya shimo lake. Mwendesha mchezo aliweka kalamu chini, akatuuliza mara mbili kama tuna uhakika. Tukasema tunao. Vitu vyote viwili viliangamia papo hapo, lango la Astrali likafunguka mahali palipokuwa na shimo, na kila aliyekuwa ndani ya futi 10 akanyonywa. Tulijikuta tukielea kwenye utupu wa rangi ya fedha, mbele yetu kuna mwamba wenye umbo la bega, na ilituchukua muda kuelewa kwamba ule haukuwa mwamba. Ulikuwa mwili wa mungu aliyekufa kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumwabudu.

Kwa hiyo mwenye swali akumbuke kwamba nafasi iliyomo ndani ya mfuko nayo si hapa wala pale. Imebanwa pembeni mwa malimwengu, na ukiweka nafasi moja ya namna hiyo ndani ya nyingine, kinachopasuka ni mpaka.

Jambo la pili ni kuhusu majina. Msisumbuke sana kutafsiri Ulimwengu wa Moto, kwa sababu sisi tunaufahamu tayari. Wakaaji wake wakuu ni majini, na mji wao unaitwa Mji wa Shaba, jina lililotoka katika Alfu Lela Ulela. Efreeti ni jini wa moto, marid wa maji, dao wa udongo, na djinni wa hewa. Mezani kwetu, nilipotaja Mji wa Shaba, mchezaji aliyelelewa na bibi mpenda hadithi alikaa wima, na kwa mara ya kwanza katika kampeni nzima yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wenzake mambo.

Dadu_ya_Ishirini aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nimeamua kuliacha neno "tabaka" na kutumia "malimwengu", na nitabaki na Gurudumu kwa sababu kisa cha mkataba wa dada kinahitaji Jehanamu iwe mahali pa uovu wenye utaratibu, pamoja na majirani zake. Nimemweleza mchawi wangu kwamba Etha haifiki, nikamsomea sentensi aliyoitaja Kitabu_Mkononi, na ameridhika. Lakini hajakata tamaa ya kwenda. Je, ana njia gani ya halali, ambayo haitamuua siku ya kwanza?

Msafiri_wa_Etha alijibu:

Kama ameweza kuingia Etha kwa uchawi wake mwenyewe, basi yeye kama mhusika amefika ngazi ya 13, na kwa ngazi hiyo anaweza pia uchawi wa kuhamia ulimwengu mwingine, maana nao ni wa ngazi ya 7. Huo humchukua yeye pamoja na wenzake hadi wanane walioshikana mikono katika duara, na hauhitaji Etha wala Astrali. Unahitaji kijiti cha chuma chenye panda, cha thamani isiyopungua vipande 250 vya dhahabu, kilichowianishwa na ulimwengu mmoja tu. Cha Baator hakifiki Abyss, na cha Abyss hakifiki Baator. Kwa hiyo safari yako inaanzia sokoni au kwenye karakana ya mfua vyuma, si kwenye ukuta wa ngome. Mwache akitafute kijiti hicho mchezo mzima ukiweza.

Lakini ukitaka afike akiwa hai, mpe kijiti cha Outlands badala ya kile cha Baator. Uwanda huo umezungukwa na miji 16 ya malango, mmoja kwa kila ulimwengu wa pembeni, na ule unaofungukia Baator unaitwa Ribcage, umekaa bondeni katikati ya vilele vilivyopinda kama mbavu. Hapo wahusika wanaweza kupanga chumba, kusikiliza habari, kuwajua mawakala wa mashetani kwa sura kabla hawajalivuka lango. Na mji wa lango ukizidi kufanana na ulimwengu unaoupakana, huteleza na kuingia humo wenyewe, kama ilivyokuwa kwa ile tabaka ya Arcadia. Sikiliza wakazi wa Ribcage wanavyodaiana na kuandikishana mikataba, uwafanye wakali kidogo kila wahusika wanaporudi.

Kitabu_Mkononi alijibu:

Naongeza mawili ya kiutendaji. Uchawi huo haumweki mtu mahali hasa alipopataja. Anataja kwa ujumla, nawe mwendesha mchezo unaamua atue wapi karibu na hapo. Pili, katikati ya Outlands umesimama mnara mrefu usio na mwisho, na jiji la Sigil linaonekana likielea juu ya kilele chake kama pete. Msishangae kwamba kitu kisicho na mwisho kina kilele, kwa kuwa ndivyo kilivyoandikwa tangu mwaka 1994 na kimeachwa hivyo kwa makusudi. La kuangalia ni kwamba kadiri mtu anavyousogelea mnara huo ndivyo uchawi unavyopungua nguvu, mpaka unakatika kabisa. Mchawi wako akitua upande wa mnara, kijiti cha kurudia nyumbani kitakuwa chuma tu mkononi mwake, na itabidi atembee kwa miguu kuelekea pembeni kabla hajaweza kurudi.